Koo Linalalamika, Kosa Liko Wapi? Utatuzi wa Matatizo ya Sauti na Pumzi kwa Waimbaji

Mwimbaji wa Dar es Salaam akiona sauti inamsumbua, huanza kwa kutibu koo. Tangawizi, asali, limao, yai bichi, pipi za kifua, maji ya vuguvugu yenye chumvi. Vyote hivi vinapita njia ya chakula, na nyuzi za sauti haziko njia ya chakula. Ziko ndani ya zoloto, kile kikoromeo unachokigusa mbele ya shingo, juu kabisa ya bomba la hewa, na kila unapomeza, zoloto linapanda na kujifunga ili hata tone lisiingie. Asali ikifika kwenye nyuzi za sauti, utapaliwa. Kwa hiyo nafuu unayoipata ni ya koo la juu. Ni nafuu ya kweli, ila chanzo cha tatizo kinabaki pale pale.

Na mara nyingi chanzo hakiko kooni. Mbavu, kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) na misuli ya tumbo vinatawala hewa. Nyuzi mbili za sauti zinatetemeka. Koo, kinywa na pua vinaupa mlio umbo. Zoloto liko katikati ya hayo yote. Hewa ikizidi kutoka chini, au ulimi na taya vikibana kutoka juu, zoloto ndilo linalobeba mzigo, na ndilo linalouma. Mwongozo huu umefuata dalili kama waimbaji wanavyozieleza wenyewe, wawe wa kwaya, kaswida, taarabu, bendi au Bongo Fleva.

Kabla ya yote: kipimo cha s na z

Vuta pumzi vizuri, kisha toa "sss" kwa nguvu ile ile tangu mwanzo hadi hewa iishe, huku ukipima kwa saa ya simu. Pumzika. Fanya vivyo hivyo kwa "zzz". Rudia kila moja mara mbili au tatu na uchukue muda mrefu zaidi uliopata.

Kwenye "sss" nyuzi za sauti zimeachana na hewa inapita tu. Kwenye "zzz" zinakutana na kutetemeka. Mtu mwenye nyuzi nzima hupata muda unaokaribiana kwa zote mbili. Kama zote mbili ni fupi, tatizo lako liko kwenye hewa. Kama "sss" ni ndefu lakini "zzz" inakatika mapema, huenda hewa inavuja kwa sababu nyuzi hazifungi sawasawa. Wataalamu wa sauti hugawanya muda wa "s" kwa muda wa "z", na jibu likizidi 1.4 wanaanza kuzishuku nyuzi. Aliyepata sekunde 20 kwa "sss" na 13 kwa "zzz" amefika 1.5. Hiki ni kidokezo tu, lakini kinaokoa miezi ya kufanya mazoezi ya pumzi kwa mtu ambaye pumzi yake haina tatizo.

Kama zote ni ndefu na zinalingana, na bado wimbo unakushinda, tazama juu: ulimi, taya, irabu.

"Mwalimu, pumzi hainitoshi"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na jibu linalotolewa kila mahali ni "vuta hewa nyingi zaidi". Naamini jibu hilo limewaumiza waimbaji wengi. Mtu mzima akipumua kwa utulivu anaingiza kama nusu lita. Akivuta hadi mwisho na kutoa hadi mwisho, anaweza kupitisha lita 3 hadi 5, kutegemea kimo, jinsia na umri. Hewa ipo. Kinachokosekana ni namna ya kuizuia isimwagike.

Kiwambo ni msuli mpana wenye umbo la kuba, uliotanda chini ya mapafu na kujishikiza kwenye mbavu za chini, kwenye ncha ya mfupa wa kidari na kwenye uti wa mgongo kiunoni. Kikikaza, kuba linashuka. Ini, tumbo la chakula na utumbo vinasukumwa chini na mbele, ndiyo maana tumbo linatokeza. Hakuna hewa inayoingia tumboni, hata kama tumezoea kuambiwa "pumulia tumboni". Wakati huo huo misuli iliyo kati ya mbavu inazifungua kwenda nje na juu. Nafasi ndani ya kifua inaongezeka, hewa inaingia.

Kutoka kwa hewa ndiko kunakosahaulika. Mapafu na mbavu zilizotanuliwa zinataka kurudi zilivyokuwa, na kadiri ulivyojaza ndivyo zinavyorudi kwa nguvu. Aliyejaza hewa hadi shingoni anaanza mstari akiwa na msukumo mkubwa kuliko noti inavyohitaji. Nyuzi za sauti zinabaki na njia mbili: kuiacha hewa imwagike, au kujibana ili kuizuia. Wa kwanza anaishiwa katikati ya mstari. Wa pili anapata koo gumu. Shida mbili zinazoonekana tofauti zimezaliwa na kosa moja.

Lori lenye mzigo linaposhuka mteremko wa Kitonga dereva hakanyagi mafuta. Anashikilia breki na gia mpaka afike tambarare, ndipo aongeze mwendo. Pumzi ya kuimba inakwenda hivyo. Mwanzo wa mstari, misuli ile ile iliyovuta hewa inaendelea kufanya kazi ili mbavu zisianguke na kiwambo kipande polepole. Msukumo wa asili ukishaisha, misuli ya tumbo na ile ya ndani ya mbavu inachukua zamu ya kusukuma. Anayekaza tumbo tangu neno la kwanza anakanyaga mafuta mteremkoni.

Sasa tafuta kosa lako ni lipi kati ya haya.

Weka viganja pembeni mwa mbavu za chini, uimbe mstari unaokushinda. Mbavu zikianguka kwenye neno la kwanza, hewa inamwagika. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, utoe "sss" nyembamba huku ukizuia mbavu zisifunge haraka. Sekunde 15 hadi 20 kwa mkondo usiotikisika zinatosha kabisa. Sekunde 40 za mkondo unaoyumba hazina faida kwa mwimbaji. Ukiweza ukiwa umelala, kaa, kisha simama, kisha badilisha "sss" iwe "zzz", kisha iwe mstari wa wimbo wenyewe. Watu wengi huruka hatua hizi na kurudi kwenye wimbo siku ile ile, halafu wanasema zoezi halifai.

Simama mbele ya kioo, uvute hewa. Mabega yakipanda, unatumia misuli ya shingo kuinua mbavu za juu. Misuli hiyo ni jirani wa zoloto, na ikikaza inalivuta. Unapata hewa kidogo kwa gharama kubwa. Dawa yake si kuambiwa "shusha mabega", maana atakayeshusha mabega kwa amri atayakaza upande mwingine. Inua mikono juu ya kichwa, vuta hewa mara kadhaa ukiwa hivyo, kisha ishushe mikono polepole huku kidari kikibaki kilipo. Hapo mabega hayana tena kazi ya kufanya.

Tazama ulivyokaa. Benchi la kanisani lisilo na mwegemeo mzuri, mgongo umepinda, karatasi ya nota iko magotini: mbavu za chini zimekaa juu ya tumbo na kiwambo hakina pa kushukia. Siku hizi maneno ya wimbo yako kwenye simu, kwa hiyo shingo nayo imeinama. Inua simu hadi usawa wa kidevu, kaa kwenye ukingo wa benchi, nyayo zote mbili chini.

Tazama ulivyovaa. Sare ya kwaya iliyoshonwa kwa kipimo cha mwaka juzi, mkanda uliobana, nguo ya ndani ya kubana tumbo chini ya gauni la harusi: vyote vinazuia tumbo kutokeza, na tumbo lisipotokeza kiwambo hakishuki. Nimeona mwimbaji akitafutiwa dawa ya kifua ilhali tatizo lilikuwa zipu. Mpimaji wa sare aombwe achukue kipimo mtu akiwa amevuta pumzi.

Na kwa kwaya zinazocheza, pumzi inagawanywa. Misuli ya tumbo inayoongoza hewa ndiyo hiyo hiyo inayoshikilia kiwiliwili unaporuka na kuinama. Mwili unaocheza pia unahitaji kupumua mara nyingi zaidi. Hapa mwimbaji hana kosa. Anayepanga hatua ndiye aangalie. Miruko ikae kwenye kiitikio cha maneno mafupi au kwenye mapigo ya kinanda, na mstari mrefu uimbwe watu wakiwa wanayumba tu.

Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta eti kwa sababu ya sauti. Lakini zile za kuzuia zenye steroidi zinaweza kukausha sauti na kuleta utando mweupe kinywani, kwa hiyo sukutua na kutema maji kila baada ya kuivuta. Mtumiaji wa dawa hiyo anayekaukiwa sauti amweleze daktari wake.

"Nimejaa hewa, lakini nahema"

Dalili hii inachanganya kwa sababu inafanana na kupungukiwa. Hamu ya kupumua haiji kwanza kwa sababu oksijeni imekwisha. Inaletwa zaidi na kaboni dioksaidi inayojikusanya kwenye damu. Mwimbaji anayevuta hewa mpya juu ya hewa ya zamani, mstari baada ya mstari, anafika ubeti wa tatu kifua kimejaa na bado mwili unadai pumzi. Akivuta tena anaongeza tatizo.

Tiba ni kutoa. Mwisho wa mstari, kama kuna nafasi ya mapigo mawili, achia hewa iliyobaki kwa mdomo wazi kwanza, kisha uache mpya iingie yenyewe. Wasomaji wazuri wa Kurani na waimbaji wa kaswida wana nidhamu ya kujua mahali pa kusimama na pa kuunganisha. Wanapanga pumzi kabla ya kuanza kusoma. Mwimbaji wa kwaya naye achukue penseli, aweke alama za pumzi kwenye nota yake, na achague pia mahali ambapo atavuta kidogo tu.

Wengine wanapata kizunguzungu mazoezini, hasa wageni. Hao wanapumua kwa kasi na kwa kina kupita haja, kaboni dioksaidi inashuka mno. Wakae, wapumue kawaida, wapunguze mazoezi ya kuvuta na kutoa kwa nguvu. Anayezimia au anayepata maumivu ya kifua hana tatizo la uimbaji, aende hospitali.

"Noti za juu zinanibana"

Nyuzi za sauti za mwanamume mzima zina urefu wa kati ya milimita 17 na 25, za mwanamke kati ya 12 na 18 hivi. Kwenye noti ya "la" ambayo ala hutegwa nayo, zinakutana na kuachana mara 440 kwa sekunde; oktava moja juu, mara 880. Ili kufika huko zinavutwa ziwe ndefu na nyembamba, na kazi hiyo inafanywa na misuli midogo ndani ya zoloto. Nguvu ya shingo haina mchango wowote.

Tatizo ni kwamba zoloto halikuumbwa kwanza kwa ajili ya kuimba. Kazi yake ya msingi ni kulinda njia ya hewa, na kujifunga unapomeza au unapobeba kitu kizito. Ukiikabili noti ya juu kwa kukaza mwili mzima, mwili unadhani unabeba gunia, unafunga zoloto. Ndiko kubanwa huko.

Weka kidole kwenye kikoromeo. Meza mate: kinapanda. Anza kupiga mwayo: kinashuka. Sasa imba ngazi ya do re mi kwenda juu. Kikipanda kidogo, sawa. Kikikimbilia kidevuni, umetumia misuli ya kumezea. Kisha weka dole gumba chini ya kidevu, kwenye ile nyama laini. Ikigeuka ngumu kadiri unavyopanda, shina la ulimi linasukuma. Zoloto limening'inia kutoka kwenye mfupa mdogo ambao ulimi nao umejishikiza hapo, kwa hiyo ulimi ukirudi nyuma zoloto linakandamizwa. Imba mstari huo huo kwa "ya-ya-ya" ncha ya ulimi ikigusa meno ya chini, taya imelegea. Wengi husikia tofauti siku hiyo hiyo.

Halafu kuna irabu. Kiswahili kimetupa irabu tano safi, na karibu kila neno letu linaishia na irabu, jambo ambalo ni neema kwa mwimbaji. Lakini "i" na "u" zinatengenezwa kwa kinywa kilichobana, na mwangwi wake wa chini uko karibu na mitetemo 300 kwa sekunde. Soprano akipanda mbali juu ya hapo, "i" iliyobanwa inapoteza mwangwi na yeye anafidia kwa nguvu. Afungue taya, aiache "i" isogee kuelekea "e", na "u" kuelekea "o". Msikilizaji bado atasikia neno, kwa sababu herufi zinazolizunguka zinamsaidia. Watunzi nao wana sehemu yao: neno kama "utusikie" likiwekwa na "si" kwenye kilele cha wimbo, soprano wote wataumia kila Jumapili. Mtunzi akihamisha kilele kwenye "a", tatizo linakwisha bila mazoezi.

Kwa kupasha sauti kabla ya noti za juu, tumia midomo: "brrr" kwa mitetemo ya midomo, kupanda na kushuka. Au mrija: puliza mlio kupitia mrija uliotumbukizwa sentimita mbili tatu kwenye chupa ya maji, povu litoke kwa utulivu. Mtaalamu wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, ndiye aliyelieneza zaidi zoezi la mrija. Hewa inayorudishwa nyuma na mrija inasaidia nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Dakika tano za hilo zina faida kuliko nusu saa ya kupiga kelele za "aaa" kwenye korido.

"Sauti inapasuka nikipanda"

Kuna misuli miwili inayobishana. Ule ulio ndani ya nyuzi unazifanya fupi na nene, ndio unaotawala sauti ya kifua. Ule wa nje unazivuta, ndio unaotawala sauti ya kichwa. Anayebeba sauti ya kifua hadi juu kabisa anafika mahali msuli wa kwanza unaachia ghafla, na sauti inaruka. Wanaume wengi wa sauti ya tena hukutana na mpaka huo, na waimbaji wa Bongo Fleva wanaojaribu kupanda kwa nguvu vilevile. Shuka badala ya kupanda: anza juu kwa sauti nyepesi ya "u", teremka polepole bila kuongeza nguvu, hadi sehemu inayopasuka. Kufundisha sauti ya kichwa ishuke ni rahisi kuliko kulazimisha ya kifua ipande.

"Sauti ina upepo", "naimbia puani"

Upepo wa kudumu, hasa kama kipimo cha "z" kimekuwa kifupi, unaweza kuwa dalili ya vinundu kwenye nyuzi, sugu zinazotokana na kugongana mno. Usijaribu kuzifunga nyuzi kwa kukaza. Soma sehemu ya mwisho. Kama kipimo kiko sawa, huenda upepo ni mazoea tu: unaanza neno kwa kupuliza. Anza kwa "m" fupi kabla ya irabu, ulete nyuzi pamoja kwa upole.

Kwa puani, bana pua kwa vidole uimbe "aaa". Mlio ukibadilika, kaakaa laini (sehemu laini ya nyuma ya paa la kinywa) limelegea na hewa inapita juu, puani. Lugha yetu imejaa "mb", "nd", "ng" na "ng'", ambazo zinahitaji pua, na kaakaa likishashuka kwa ajili ya "nd" ya "ndugu" lina tabia ya kubaki chini hata kwenye "u". Gusa sauti ya pua kwa haraka, kaa kwenye irabu. Kama pua imeziba muda wote na kichwa kinauma machoni, hayo ni mafua au mzio. Vumbi la barabara zisizo na lami na moshi wa mkaa vinachangia sana, na zoezi la kaakaa halitazibua.

"Kwaya inashuka tuni"

Wimbo umeanza vizuri na kinanda, kinanda kimenyamaza, kimerudi ubeti wa nne, aibu. Mara nyingi chanzo ni mwisho wa mistari: wote wanaishiwa pamoja, msukumo unapungua kwenye noti ndefu ya mwisho, na kila mstari unaofuata unaanzia pale ulipoangukia. Wape kupokezana pumzi. Kila mmoja avute mahali pake, katikati ya neno refu, kamwe si kwenye mkato pamoja na jirani yake, na arudi kwa sauti ndogo. Besi nao wakumbushwe kwamba ngazi za kushuka huimbwa kwa pumzi ile ile ya kupanda, maana wanapolegea wao jengo lote linazama. Ukumbi wenye joto la Februari na watu waliochoka kwa foleni ya Mbagala utashuka tu. Anzisha wimbo nusu hatua chini ya ulivyoandikwa, usiwalaumu.

"Asubuhi sauti nzito, koo kama lina kitu"

Ukiamka na sauti nzito inayochangamka kufikia saa nne, unasafisha koo mara kwa mara, na unahisi donge lisilomezeka, shuku asidi ya tumbo. Inaweza kupanda usiku hadi kwenye zoloto hata kama huna kiungulia.

Ratiba ya jiji hili inaitengeneza. Mazoezi yanaisha saa mbili usiku, unafika Gongo la Mboto au Tegeta saa nne, unakula chipsi mayai na pilipili, unalala saa tano. Inashauriwa uwepo muda wa kama saa tatu kati ya mlo na kulala. Kwa mwanakwaya hilo haliwezekani isipokuwa mlo mkubwa uhamie saa kumi jioni, kabla ya mazoezi, na usiku iwe kitu chepesi kama uji au ndizi. Usile mpaka ushibe mara tu kabla ya kuimba, maana tumbo lililojaa linakizuia kiwambo kushuka. Inua kichwa cha kitanda kwa tofali chini ya miguu ya upande huo. Mito mingi inakunja tumbo tu. Na hapa tangawizi kali na limao, vinavyonywewa kwa ajili ya sauti, vinaweza kuwa ndivyo vinavyoichokoza.

"Sauti imekwisha kabla mazoezi hayajaanza"

Jiulize umeitumia wapi mchana. Waimbaji wetu ni walimu wenye darasa kubwa, makondakta, mama lishe, wauzaji wa Kariakoo. Wanatumia sauti kwa muda wa saa nane kisha wanakuja kuimba. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kujua. Ndivyo ilivyo kando ya jenereta, ndani ya daladala lenye muziki, na jukwaani mbele ya ngoma na gitaa bila spika ya kujisikia. Ukienda kuimba na bendi, idai spika hiyo kabla ya kudai kitu kingine. Ndani ya daladala, nyamaza au andika ujumbe. Kunong'ona kwa nguvu si kupumzisha sauti. Kwa wengi kunazikaza nyuzi.

Maji yana nafasi yake, ila hayafanyi kazi papo hapo. Yanapitia tumboni na kwenye damu ndipo ute unaofunika nyuzi uwe mwepesi, kwa hiyo anza kunywa asubuhi. Mwezi wa Ramadhani mwimbaji wa kaswida agawanye maji yake kati ya futari na daku badala ya kuyabugia mara moja. Hewa ya pwani ina unyevu, na huo ni msaada kwetu. Aliyewahi kwenda kuimba Dodoma wakati wa kiangazi anaijua tofauti. Ukavu wa Dar uko kwenye vyumba vya viyoyozi, hasa studio. Omba kiyoyozi kizimwe wakati wa kurekodi. Hata kipaza sauti kitashukuru kukosa ule mvumo. Mvuke wa kujifukiza, tofauti na kinywaji, unafika kwenye nyuzi zenyewe. Uwe wa kuvumilika, mbali na watoto.

Dawa za mafua zinazoleta usingizi hukausha ute. Aspirini hupunguza kuganda kwa damu, na nyuzi zilizovimba zikilazimishwa kuimba zinaweza kuvujia damu ndani. Pipi za kutia ganzi nazo zinaficha maumivu ambayo yangekuzuia. Ukiwa na sauti iliyokauka kwa mafua, nyamaza siku mbili tatu, hata kama kuna mkesha.

Mwili uliobadilika

Kijana wa kiume akibalehe, zoloto linakua na sauti inashuka karibu oktava nzima. Wa kike inashuka kiasi tu. Mhamishe sauti kila baada ya miezi michache, aimbe pale panapokuja kwa urahisi, asifukuzwe kwaya. Mjamzito wa miezi ya mwisho hana nafasi ya kushusha kiwambo: apumulie mbavu za pembeni na mgongoni, aketi, avute pumzi mara nyingi zaidi. Soprano aliyekoma hedhi anaweza kuona noti za chini zinamjia na za juu zinamkimbia. Altoni anahitajika.

Lini uende kwa daktari

Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji mzaliwa wa Hispania, Manuel García, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Hadi leo hakuna anayeweza kujua hali ya nyuzi kwa kusikiliza peke yake. Lazima zitazamwe, kwa kioo au kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina madaktari wa masikio, pua na koo wanaofanya kazi hiyo.

Nenda kama sauti imekauka zaidi ya wiki tatu bila nafuu. Nenda mapema zaidi kama unavuta sigara, kama kuna damu kwenye makohozi, uvimbe shingoni, au kumeza kunauma. Kupumua kwa shida au kwa mkoromo usiouelewa ni dharura ya siku hiyo hiyo, na sauti iliyokatika ghafla katikati ya wimbo inataka unyamaze kabisa mpaka utazamwe.

Ukifika, usiseme tu "koo linauma". Mwambie daktari kwamba unaimba, sauti ipi, mara ngapi kwa wiki, kazi yako ya mchana ni ipi, dalili ilianza lini, inazidi asubuhi au jioni, noti zipi zimepotea, na majibu yako ya "s" na "z". Mtajie na kila ulichokunywa kwa ajili ya sauti, pamoja na vile ulivyopewa na jirani.